Foleni ya Mlangoni

Siku tatu za mipango zilianza Jumatano, na shuleni hapakuwa na mtoto hata mmoja. Walimu kumi na mmoja waliingia darasa la pili, chumba pekee ambacho paa lake halikuvuja, wakakaa kwenye viti vya watoto, magoti yakiwafika kifuani. Ukimya ulikuwa wa ajabu. Kengele ilining'inia bila mtu wa kuigonga. Bomba la uani lilidondosha maji tone moja moja, na kila tone lilisikika. Vumbi la chaki, lililozoea kutimuliwa na miguu mia sita, lilikuwa limetulia juu ya madawati kama nalo limepewa likizo.

Mwezeshaji, binti mwenye sauti laini aliyetumwa na ofisi ya elimu, aliwaomba wote wafumbe macho.

"Miaka mitano imepita," alisema. "Mnaingia getini asubuhi. Mnaona nini?"

"Namwona mwalimu mkuu amestaafu," alisema mwalimu wa hesabu, ambaye shule nzima ilimwita Desimali. Walicheka, mkuu mwenyewe akiwamo, huku macho wameyafumba, na kicheko cha watu waliofumba macho kilizunguka chumbani kama kimepotea njia.

Mwalimu wa darasa la pili hakucheka. Alikuwa mtu wa kufanya alichoambiwa, tena kwa usahihi. Alifumba macho akaingia getini. Aliona ukuta uliopakwa rangi upya na watoto wameketi chini yake, kila mmoja na kitabu chake. Aliona kucha zao, na vidole vikitambaa chini ya mistari, na midomo ikicheza. Alisogea awasikilize. Midomo iliendelea kucheza, lakini sauti haikumfikia. Aliinama karibu zaidi, na hapo mwezeshaji akasema wafumbue macho.

Baada ya chai walibandika makaratasi ukutani. Jekundu lilikuwa la mambo yaliyoshindikana, la njano la yanayoendelea, la kijani la yaliyokamilika. Jekundu lilipata vyoo, uzio, utoro na hesabu. Kwenye la kijani palibandikwa jambo moja tu, na mwalimu mkuu alilibandika kwa mkono wake: *Kusoma, darasa la pili, asilimia tisini na moja.*

"Hapo tumemaliza," alisema, akilipigapiga lile karatasi kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. "Kwa hiyo ile saa ya kusoma ya kila asubuhi tunaifuta. Darasa la saba wanaihitaji kwa mazoezi ya mtihani. Wadogo wameshajua. Tena niseme mbele ya wote: aliyetufikisha hapa tunamjua. Ijumaa mpango ukisainiwa, na barua ya mwalimu mkuu msaidizi itaandikwa siku hiyohiyo."

Wote waligeuka kumtazama mwalimu wa darasa la pili. Wakapiga makofi. Alitabasamu kwa kipimo, akainamisha kichwa. Pamoja na barua ile kulikuwa na nyumba: vyumba viwili nyuma ya shule, maji ndani, na kibaraza kinachopata jua la asubuhi.

*

Mume wake alikuwa fundi cherehani, na ile nyumba alishaipima. Aliingia Jumapili iliyopita kwa kisingizio cha kuangalia bawaba ya mlango, akatoka na vipimo vya madirisha yote matatu kichwani. Jumatano ile mke wake aliporudi mchana, alimkuta sebuleni amepiga magoti, kitambaa cha buluu kimefunika godoro la mama yake kutoka ncha hadi ncha. Bibi mwenyewe alikuwa amesukumwa pembeni, kwenye kiti, miguu juu ya kigoda.

"Mama, usikanyage," mume alisema.

"Nikanyage wapi? Kitanda changu kimekuwa bahari." Bibi aliangaza macho yake mekundu kuelekea mlangoni. "Mkwe, umerudi? Huyu mumeo ameshahama. Mwili wake tu ndio uko hapa."

"Nimekata pazia la dirisha kubwa," mume alimwambia mkewe kwa fahari. "Vipi huko?"

"Wamepiga makofi."

"Aa! Basi na haya mengine nakata."

Binti yao alikuwa ameketi kizingitini akichezea vifungo. Alikuwa na miaka minane, mrefu kupita wenzake wote wa darasa la pili, na kwa hiyo walimwita Twiga na kumkalisha dawati la nyuma kabisa. Nyumbani pia jina lilikuwa limeshika. Darasani mama yake alikuwa mwalimu wake, na huko Twiga hakumwita mama hata kwa bahati mbaya.

"Njoo, mke mwenzangu," bibi alimwita. "Mama yako apumzike. Nisomee hii dawa ya macho. Daktari alisema jambo, nimelisahau njiani."

Twiga alinawa mikono kwanza, kama alivyofundishwa. Alikipokea kijiboksi, akakisogeza kwenye mwanga wa mlango, akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Kisha akasoma, kwa sauti ya wazi, akipumua panapostahili:

"Kuku wa shangazi ametaga mayai manne. Ameyaweka kapuni. Paka analitazama kapu."

Mkasi ulisimama katikati ya kitambaa.

"Dawa gani hii ya kuku?" bibi aliuliza. "Niyapake hayo mayai?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, bibi." Kidole cha mtoto kilikuwa kimefika mwisho wa mstari, barabara, pale palipoandikwa *asubuhi na jioni*.

Bibi alicheka hadi akajipangusa machozi. Mume naye alicheka, akisema mtoto ana utani wa upande wa mama yake. Mwalimu hakucheka. Alikichukua kijiboksi. Kiliandikwa: *Tikisa chupa kwanza. Matone mawili kila jicho.* Alimpa Twiga kalenda ya ukutani. Kuku wa shangazi alitaga. Alimpa karatasi ya gazeti lililofungia sabuni, na kuku akataga tena, na paka akalitazama kapu, na kidole kikatembea kutoka kushoto kwenda kulia kwa utulivu, mstari baada ya mstari, kikipita juu ya habari za bei ya mbegu.

"Twiga. Unanitania?"

"Hapana, mama."

"Neno hili ni lipi?"

Mtoto alilitazama neno. Alimtazama mama yake, akitafuta usoni mwake kosa ni lipi. "Si umesema nisome?" alisema. "Si ndiyo kusoma?"

*

Shule ilikuwa na karatasi moja tu ya kupimia kusoma. Ilikuwa imebandikwa kwenye kipande cha kadibodi na kufungwa nailoni isichakae, na mwalimu alijivunia kwamba katika miaka minne haikupata hata doa. Kila muhula aliketi na kadibodi hiyo kwenye kiti mlangoni mwa darasa, kwa sababu mle ndani palikuwa na kelele. Watoto walijipanga ukutani nje, dawati la mbele likianza, dawati la nyuma likimalizia. Mmoja alisoma, aliyefuata akasogea.

Jioni hiyo, jua likiwa bado dirishani, alichukua daftari la alama akaketi kitandani. Hakuwa mtu wa kuamini jambo kwa sababu limemshtua. Alitaka kuliona.

Alama zilikuwa zimeandikwa kwa mpangilio wa foleni. Wa kwanza alipata mbili. Wa pili, tatu. Wa tatu, mbili. Wa nne, nne. Kuanzia wa tano zilianza kupanda: tano, tano, sita, sita, saba, nane. Kufikia wa kumi na saba ilikuwa kumi, na baada yake, hadi wa arobaini na nne, hapakuwa na alama nyingine ila kumi. Akafungua mwaka wa nyuma yake. Mlima uleule. Na mwaka mwingine. Aliupitisha ukucha wake juu ya safu zile, na ukucha ukapanda, ukapanda, ukafika tambarare, kama mtu anayetembea usingizini kwenye njia aliyoizoea.

Waliosimama mwisho walikuwa wameisikia hadithi ile ya kuku wa shangazi mara arobaini kabla zamu yao haijafika. Wao ndio waliokuwa wasomaji wake bora. Wale wanne wa mbele, waliokutana nayo bila kuisikia vya kutosha, ndio pekee waliojaribu kusoma. Na hao kila mwaka aliwaandikia taarifa moja: *Wadogo kimo, wazito kuelewa. Wapewe maziwa.*

Alifunga daftari. Sebuleni mume wake alikuwa akiimba wimbo usio na maneno, na mkasi ulikuwa ukila kitambaa.

*

Alhamisi walimu walichora mti. Mizizi ilikuwa matatizo, shina lilikuwa mikakati, matunda yalikuwa matokeo. Mwezeshaji alipita kati yao akigawa kalamu za rangi, na watu wazima wakainama juu ya madawati wakipaka majani rangi ya kijani, ndimi zimetoka nje kidogo. Upepo uliingia dirishani ukayainua makaratasi ya ukutani yote kwa pamoja, ukayaachia. Mwalimu wa darasa la pili alipaka tunda moja muda mrefu sana.

Wakati wa chai alimvuta Desimali hadi kwenye bomba, akamfungulia daftari. Desimali alisoma namba kama wengine wanavyosoma nyuso. Hakuhitaji maelezo marefu.

"Lo," alisema. "Hii si alama. Hii ni ngazi."

"Umeona?"

"Nimeona. Na wewe ufunge hilo daftari, dada yangu, ulirudishe kwenye mkoba." Alitazama nyuma yake. "Asilimia hiyo imeshakwenda ofisini. Imeshasomwa kwenye kikao. Unataka kumwaga unga mwaka huu, mbona una haraka?"

"Wanaifuta saa ya kusoma."

"Waifute. Watoto watajifunza mbele ya safari."

"Wapi? Darasa la tatu nani anafundisha herufi?"

Desimali alikinga kikombe chake kwenye bomba, akasubiri matone manne, akayanywa.

Mwalimu mkuu alimsikiliza mwalimu wa darasa la pili ofisini, akiwa amesimama. Hakupandisha sauti, alikuwa mtu mpole, na upole wake ulichosha kuliko ukali.

"Mama Twiga, umechoka. Hizi siku za mipango zinachosha kuliko kufundisha."

"Mkuu, mtoto wangu mwenyewe amesoma boksi la dawa..."

"Mtoto mmoja."

"Nina alama za miaka minne hapa."

"Alama alizotoa nani?"

"Mimi."

"Saini ya nani?"

"Yangu, mkuu. Na yako."

Hapo mkuu alikaa. Alihamisha kalamu kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine, akairudisha. "Tusaini kesho," alisema. "Ukishakuwa msaidizi wangu, utarekebisha polepole, kwa ndani, bila kelele. Si ndiyo vizuri zaidi? Utakuwa na uwezo. Sasa hivi una daftari tu."

Lilikuwa jibu zuri. Alilibeba njia nzima hadi nyumbani, akiligeuza. Kosa lake alilipata alipofika kona ya mwisho: kwa ndani au kwa nje, saa ya kusoma ingekuwa imeshafutwa, na hakuna ofisi irudishayo saa iliyoandikwa kwamba haihitajiki.

*

Mume wake alimsikiliza huku anatia uzi kwenye sindano. Alikosa tundu mara tatu.

"Kwa hiyo utasimama useme ulikosea," alisema.

"Ndiyo."

"Mbele ya watu."

"Ndiko nilikopigiwa makofi."

"Usinijibu kama mwalimu, mimi mumeo." Aliiweka sindano chini. "Mama yangu analala njiani. Mtu akienda kunywa maji usiku anamruka. Nimemwambia mwezi ujao utakuwa na mlango wako mwenyewe, ufunge ukitaka. Nimemwambia hivyo, mimi, kwa mdomo huu. Na kitambaa nimeshakata. Haya madirisha yetu ni kama matundu ya njiwa, nitakipeleka wapi?"

Mkewe alilitia daftari kwenye mkoba wa kesho.

"Mnagombana juu yangu kama vile nimekufa," bibi alisema kutoka kwenye godoro. "Mwanangu, huo mlango naupenda, nisikudanganye. Nimeuota. Nilikuwa naufungua na kuufunga, kazi yangu ndiyo hiyo tu." Alijipangusa jicho. "Lakini ile dawa jana ningejipaka vipi, mkwe usingekuwepo?"

"Mama, ulikuwa unacheka."

"Nilikuwa nacheka kwa sababu nilidhani ananitania."

*

Ijumaa mpango ulikuwa umepigwa chapa, kurasa saba. Mwezeshaji aliusoma kwa sauti yake laini, na joto la adhuhuri lilikuwa limewalegeza wote, hata maneno yakapita juu ya vichwa vyao kama mawingu: *uboreshaji, ufuatiliaji, ushirikishwaji*. Karatasi lilianza kuzunguka kwa ajili ya saini. Desimali alisaini. Mwalimu wa darasa la kwanza alisaini. Lilipomfikia mwalimu wa darasa la pili, alilishika, akasimama. Kiti kidogo kilinasa kwenye sketi yake, akanyanyuka nacho, na mtu nyuma akacheka. Alikibandua, akakiweka chini, akafungua daftari.

"Nitasoma alama za kusoma kwa mpangilio wa foleni," alisema. "Wa kwanza, mbili. Wa pili, tatu. Wa tatu, mbili. Wa nne, nne."

"Mama Twiga," mkuu alisema.

"Wa tano, tano. Wa sita, tano."

Alisoma zote arobaini na nne. Alama za kumi mwishoni zilikuwa nyingi mno, moja baada ya nyingine, *kumi, kumi, kumi*, hata zikapoteza maana na kuwa mlio tu, na walimu wakamtazama mdomo kama watu wanaosikiliza mvua. Alipomaliza alieleza kuhusu kadibodi moja, kiti cha mlangoni na foleni ya ukutani. Alitumia dakika nne. Hakusema anasikitika, kwa kuwa hakuona hilo lingeongeza nini kwenye hesabu.

"Nani alikuwa anasimamia upimaji huu?" mwezeshaji aliuliza.

"Mimi."

"Kwa muda gani?"

"Miaka minne."

"Na hukuona?"

"Nilidhani wa mbele ni wazito."

Bomba la uani lilisikika tena. Kisha mwalimu wa darasa la nne, mama mzito wa maneno, akasema bila kumtazama mtu, "Ndiyo maana wangu hawasomi maswali. Nimewachapa bure." Desimali alinyanyuka. Alijikuna shingo, akaenda ubaoni, akachora ile ngazi kwa chaki, hatua kwa hatua, na tambarare yake ndefu. Aliandika chini: *saini yangu naomba niifute.* Akarudi kukaa.

Mwezeshaji alibandua karatasi la kusoma kutoka kwenye la kijani. Alisimama nalo mkononi kitambo, hajui alipeleke wapi, halafu akalibandika kwenye jekundu, chini ya vyoo.

Mengine yalikwenda haraka. Saa ya kusoma ilibaki. Watoto wote wangepimwa upya kuanzia Jumatatu, kila mmoja na maandishi yake, ndani ya stoo, mlango umefungwa. Mwalimu wa darasa la pili angeandika barua ya kujieleza, nakala tatu. Kuhusu nafasi ya msaidizi, mkuu alisema itajadiliwa "muda ukiruhusu", na kila aliyekuwemo alijua muda hautaruhusu. Hakuna aliyepiga makofi. Wakati wa kutoka, walimu wawili walimpisha mlangoni kwa adabu iliyopita kiasi, jinsi mtu anavyompisha mgonjwa.

*

Jumapili alikaa mezani na maboksi ya viatu aliyookota dukani, akijaribu kuyakata kwa kisu cha jikoni. Vipande vilitoka vimepinda. Mume wake, ambaye tangu Ijumaa alikuwa amesema naye maneno ya lazima tu, alimtazama kwa muda, kisha akavuta kiti.

"Unaua kadibodi ya watu," alisema. "Vingapi?"

"Arobaini na nne."

Alichukua mkasi wake mkubwa wa kazi, ule asioruhusu mtu aukatie karatasi, akavikata vyote sawasawa bila kupima. Mkewe akaandika, sentensi moja kila kipande, hakuna inayofanana na nyingine. Bibi alikuwa amesinzia na matone yake machoni, na mwanga wa mchana ulijaa chumba chote ukazunguka juu ya godoro, juu ya kitambaa cha buluu kilichokunjwa, juu ya herufi mbichi zilizokuwa zikikauka.

Jumatatu shule ilirudiwa na kelele zake. Mwalimu aliwakalisha watoto mbali, chini ya ukuta wa pili, akaingia stoo pamoja na vipande vyake. Aliamua kuanza na dawati la nyuma.

Twiga aliingia, akafunga mlango.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa."

Alichomoa kipande kimoja bila kuchagua, akakiweka mezani. Stoo ilikuwa na nusu giza na harufu ya chaki. Mwanga uliingia kwa mstari mmoja tu kupitia tundu la ukuta, na vumbi likapanda na kushuka ndani yake bila haraka. Mtoto aliweka kidole chini ya neno la kwanza. Alivuta pumzi.

"Kuku..." alisema, akasita.

Alisubiri. Hapakuwa na sauti yoyote mbele yake ya kufuata. Alitazama herufi moja, akaitazama nyingine, kidole kimeganda palepale.

"Hii siyo ya kuku," alisema.

"Siyo."

Dakika nzima ilipita. Mama yake aliijua sentensi ile, aliiandika mwenyewe, na ulimi wake ulijaa silabi ya kwanza. Aliibana kwa meno.

"Mwalimu," Twiga alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Nikisema sijui, utaandika?"

"Nitaandika."

Mtoto alifikiri. Kisha aliondoa kidole kwenye kadibodi, akaweka mikono yote miwili magotini.

"Basi andika."

Akaandika. Alimfungulia mlango, akaita anayefuata.